Saa ya Kula ya Mshika Bendera

Kiangazi cha mwaka 2013 niliajiriwa kuandika saa za watu wengine. Mkandarasi mmoja mdogo alikuwa amepata kazi ya kukarabati kipande cha barabara ya changarawe upande wa Kagerankanda, wilayani Kasulu, na alihitaji taimkipa, yaani mtu wa kuandika nani kaja, kaja saa ngapi na kaondoka saa ngapi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilitoka Singida na cheti cha uhasibu ambacho hadi siku hiyo hakikuwa kimenipatia kazi yoyote. Vibarua hawakunijua kwa cheo cha taimkipa. Waliniita karani, na mimi sikuwarekebisha.

Kitabu changu kilikuwa daftari kubwa la jalada gumu ambalo mistari yake niliichora kwa rula. Kazi ilianza saa moja asubuhi na kuisha saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Katikati, kuanzia saa sita na nusu hadi saa saba na nusu, ilikuwa saa ya kula. Toka asubuhi hadi jioni ni saa kumi. Ukitoa ile moja zinabaki tisa, na hizo tisa ndizo zilizolipwa. Kwa hiyo kila siku, mbele ya kila jina, niliandika tisa. Wiki ya kwanza ilipoisha nilikuwa naziandika tisa zote asubuhi, watu wakiwa bado hawajavua masweta, ili jioni ibaki kazi ya kuweka alama tu. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo na hakuna aliyenikataza.

Fomeni wetu alikuwa mtu wa Mbeya, mfupi, mwenye filimbi ya refa shingoni. Akiipuliza saa sita na nusu, greda linazimwa, kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, kinazimwa, na ghafla unasikia ndege. Dereva wa greda alilala chini ya greda lake. Mafundi wa kujenga mawe, ambao wote walitoka Gwarama, walipika pamoja ugali wa muhogo na maharage ya mawese, wakaongea Kiha kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata. Mimi na fomeni tulikula ndani ya hema, wali ulioletwa na mama mmoja kwenye hotpoti. Saa ile haikulipwa, na sikumbuki mtu kulalamika. Mtu aliyelala chali kofia ikiwa usoni hana sababu ya kudai kwamba yuko kazini.

Mtu mmoja tu hakulala. Mahali ambapo barabara inavuka kijito tulikuwa tunaweka kalvati jipya la kupitisha maji chini ya barabara, na nusu ya barabara ilikuwa imechimbwa shimo la kina cha kifua. Magari yalipita upande uliobaki, moja moja, kwa zamu. Mwanamke mmoja ndiye aliyeyaongoza. Alisimama katikati, mahali anapoonekana kutoka pande zote mbili, na bendera nyekundu mkono mmoja na ya kijani mkono wa pili. Alikuwa na umri wa kama miaka arobaini, mkazi wa kijiji cha juu ya mlima, mwendo wa nusu saa kwa mguu. Alivaa reflekta ya njano juu ya kitenge, na Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno likikamilika kabla ya lingine kuanza.

Mitambo ilipozimwa, shimo lilibaki pale pale, na magari hayakuwa na saa ya kula.

Wiki ya tatu, siku moja ya Jumatano, nilimfuata saa ya mchana ili aweke sahihi mahali alipokuwa ameruka. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe, bakuli la ugali na dagaa likiwa mapajani, bendera zimeegemea goti. Kabla sijafungua daftari lilitokea lori la mkaa. Akaweka bakuli chini, akalifunika na kipande cha boksi, akasimama, akainua nyekundu kuzuia pikipiki iliyokuwa ikija upande wa pili, akainua kijani. Lori likapita. Vumbi likatua. Akaketi, akatoa boksi, akamega tonge. Likaja gari jingine.

Nilisimama pale dakika kama ishirini nikisubiri sahihi. Aliinuka mara sita.

Alipoweka sahihi hakurudisha kalamu. Aliitumia kuonyesha mstari wake.

"Karani, hapa umeandika tisa."

"Ndiyo, mama. Tisa kama wote."

"Nafika saa moja. Naondoka saa kumi na moja."

"Ni kumi. Lakini tunatoa saa moja ya mapumziko. Saa ya kula hailipwi."

"Mapumziko ya nani?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa, kwamba mapumziko ni ya kila mfanyakazi, ndivyo utaratibu ulivyo, na mwenye kuupanga si mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanirudishia kalamu.

"Sawa," alisema. "Basi kesho nitapumzika."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaarifu kwamba kesho atakwenda sokoni. Nadhani ndiyo sababu sikumwambia fomeni. Au labda sikumwambia kwa kuwa sikutaka kuulizwa nilijibu nini. Sina hakika tena.

Kesho yake filimbi ilipolia, aliviringisha bendera zote mbili kwenye vijiti vyake, akaziweka juu ya marundo ya mawe, akachukua bakuli lake na kushuka kijitoni. Mimi nilikuwa mlangoni mwa hema na nilimwona. Nilirudi ndani nikaendelea kula.

Haikupita nusu saa tukasikia honi mbili, zote ndefu. Lori la mihogo lilikuwa limeingia kwenye njia ya upande mmoja kutoka Kasulu, na gari dogo la abiria limeingia kutoka upande wa pili, yakakutana katikati. Kila dereva alimtaka mwenzake arudi nyuma. Walipochoka kubishana, dereva wa gari la abiria akajaribu kujipenyeza. Gurudumu lake la nyuma likateleza, gari likalalia shimo, likabaki hivyo, limeinama kama mtu anayechungulia. Abiria walitoka kwa mlango wa upande wa juu mmoja mmoja. Hakuna aliyeumia. Mwanamke mmoja alipoteza trei mbili za mayai, na alizilia kwa sauti kubwa kuliko wote waliopona.

Kuliinua lile gari kwa kijiko kulituchukua hadi saa kumi. Magari yalipanga foleni mpaka kwenye kona. Fomeni alikuwa amevua kofia, na shingo yake imebadilika rangi.

"Uliacha kazi!" alimwambia yule mama mbele ya watu wote. "Watu wangekufa hapa!"

"Sikuacha kazi," alisema. "Nilikuwa mapumziko. Muulize karani, yeye ndiye anaandika."

Wote walinigeukia. Mafundi wa mawe, dereva wa greda, hata baadhi ya abiria waliokuwa bado wanajikung'uta vumbi. Daftari nilikuwa nalo kwapani. Ningeweza kulifungua na kusema kwamba ni kweli, kwamba kwa wiki tatu kitabu kimekuwa kikisema huyu mama anapumzika saa ambayo hapumziki, na leo tu ndipo kitabu na mambo yenyewe vimelingana. Niliangalia chini.

"Mwandike hayupo," fomeni aliniambia. "Siku nzima."

Nilifungua daftari pale pale juu ya boneti ya pikapu. Niliikata ile tisa niliyoiandika asubuhi, nikaandika hayupo. Mama yule alikuwa amesimama karibu na aliitazama kalamu mpaka ilipomaliza. Alisema neno moja la Kiha ambalo sikulijua, na sikuuliza maana yake. Akavua reflekta, akaikunja kama nguo inayorudishwa kabatini, akaiweka juu ya boneti kando ya mkono wangu. Akapanda njia ya kijijini kwao bila kugeuka.

Ijumaa fomeni alimpa bendera kibarua mmoja aliyekuwa akichimba mtaro. Asubuhi alifanya kazi vizuri. Filimbi ilipolia alikuja nazo hadi hemani, akaziegemeza mlangoni.

"Mimi filimbi ikilia nakula," alisema. "Kama kuna mtu wa kusimama, asimame."

Fomeni aliacha kutafuna. Alitazama nje, akanitazama mimi, akatazama sahani yangu.

"Karani, saa ya kula wewe huna kazi."

Ndivyo nilivyokuwa mshika bendera wa mchana. Nilisimama Ijumaa hiyo, kisha Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Siku ya kwanza nilibeba sahani yangu ya wali, nikaiweka juu ya lile jiwe. Nilijifunza kwamba boksi lile halikuwa la mapambo. Wali uliofunikwa kwa mkono unaingia mchanga, na mchanga wa barabara ile ni mwekundu na mzito, unasikika kwenye meno. Madereva wengine walinipungia mkono kwa heshima. Wengine walinitukana kwa kuwachelewesha. Bodaboda hawakunitii kabisa. Lakini lililonichosha halikuwa jua wala matusi, bali kwamba siwezi kuanza jambo lolote. Hata dakika tano za ukimya zilipopatikana, sikuweza kuzitumia, kwa maana sikio lilikuwa bado linasubiri mlio wa gari. Nilikaa, lakini sikuwa nimekaa. Saa saba na nusu wenzangu waliinuka wakijinyoosha. Mimi nilirudi hemani nikiwa na mchana wote mbele yangu na miguu ya jioni.

Siku ya tatu, nilipofika kwenye jina langu, niliandika kumi.

Sikuwaza sana. Mkono uliandika kitu ambacho kilikuwa kweli. Ilikuwa baada ya kuandika ndipo nikapandisha macho juu ya ukurasa, nikaona jina la yule mama na zile tisa zilizojipanga kwa wiki tatu, kwa mwandiko wangu mzuri. Mimi siku tatu zilinitosha.

Jumatano jioni fomeni alipitia daftari kama ilivyokuwa desturi yake. Kidole kilisimama.

"Hii kumi ni nini?"

"Saa ya kula. Nilikuwa barabarani."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akakaa kwenye debe la rangi tulilotumia kama kiti.

"Unajua ukijiandikia wewe itabidi umwandikie na yule mama."

"Ndiyo."

"Na ile ya hayupo?"

"Nayo si kweli. Alikuwepo tangu saa moja."

"Karani, umenitafutia kazi," alisema. Lakini alisema kwa sauti ya chini. Naye alikuwa mtu wa kuajiriwa kama sisi, na meneja wake alikuwa Kigoma mjini. Akatoka nje ya hema kutafuta mtandao wa simu, akaupata juu ya kichuguu. Nilimwona kutoka mbali, mkono mmoja kiunoni, akieleza kwa muda mrefu.

Meneja alifika Alhamisi asubuhi. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, shati jeupe ambalo hakuogopa kulichafua kwa vumbi. Alisoma kurasa zangu zote, hata zile ambazo hazikuhusika. Hakuuliza nani kakosea.

"Mapumziko si lazima yalipwe," alisema. "Hilo mko sahihi. Lakini ukimtaka mtu afanye kazi saa hiyo, au akae tayari kwa kazi, basi hiyo si mapumziko tena. Ni kazi, na inalipwa. Ndivyo sheria inavyosema."

"Ulikuwa unajua?" fomeni aliuliza.

"Najua."

"Mbona hukutuambia?"

"Sikuulizwa," alisema meneja, akafunga daftari langu taratibu. "Mrudisheni."

Fomeni hakutaka kwenda; alisema heri abaki na bendera. Nilikwenda mimi, mchana ule ule, nikapanda mlima kwa njia aliyoipanda yeye. Nilimkuta uani kwake, ameketi kwenye kigoda, anamenya muhogo kwa kisu kifupi. Maganda yalikuwa yamelundikana upande mmoja, mihogo myeupe upande mwingine kwenye beseni la maji. Nilimsalimia kwa neno pekee la Kiha nililokuwa nalo.

"Mwakeye, mama."

"Hiyo ni ya asubuhi," alisema. Lakini alisogeza kigoda cha pili kwa mguu.

Nilimweleza yote. Kwamba meneja amekuja, kwamba anatakiwa arudi, kwamba saa ile ilikuwa kazi na imekubalika. Nilimweleza pia kwamba nilisimama mimi pale kalvatini baada yake. Sikuwa nimepanga kumwambia hilo.

Aliendelea kumenya.

"Ulisimama siku ngapi?"

"Nne."

"Ukaandika kumi siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

Alikata muhogo vipande viwili, akavitupa kwenye beseni. "Mimi wiki tatu," alisema. "Ulikuwa unapita pale kila siku na hilo daftari."

"Samahani, mama."

Hakusema hapana, na hakusema amenisamehe. Aliniuliza kama nimekula. Nilisema nimekula, jambo ambalo halikuwa kweli, na akaniletea muhogo wa kuchemsha na chumvi kwenye kisahani. Nilipokuwa nakula ndipo alipoyatoa masharti yake, mawili, kwa mpangilio, kama mtu aliyeyafikiria akiwa peke yake kwa siku kadhaa.

"Zile zilizopita ziandike kazi. Zote, na ile siku ya hayupo. Zinazokuja sitaki uziandike kazi. Nataka nilale."

"Meneja amesema inaweza kulipwa."

"Nimesikia. Nataka nilale."

Nilirudi na majibu hayo. Nilitegemea fomeni apinge lile la kwanza, kumbe lililomsumbua ni la pili, maana ingekuwa rahisi zaidi kuilipa ile saa kuliko kutafuta mtu wa kuisimamia. Alikuna kichwa. Mwishowe tulikubaliana kwamba filimbi ya mama yule italia saa moja kabla ya filimbi ya wote. Saa tano na nusu nitachukua bendera mimi, ndani ya saa zangu za kazi, na saa sita na nusu atazichukua yeye, amekwishakula na kupumzika, ili mimi niende kula na wenzangu. Zile za wiki tatu nilizisahihisha kwa wino mwekundu, siku baada ya siku, na kila sahihisho nililiwekea sahihi yangu. Malipo ya mwisho wa mwezi yalifuata daftari.

Jumatatu iliyofuata alifika saa moja kasoro, akaichukua reflekta yake hemani, akaivaa. Saa tano na nusu nilishuka kalvatini. Fomeni alipuliza filimbi mara moja, kidogo tu, kwa aibu, kwa kuwa ilikuwa ya mtu mmoja. Mama alinikabidhi bendera. Kando ya barabara kulikuwa na mabomba ya zege yaliyokuwa yakisubiri kuwekwa, makubwa kiasi cha mtu kuingia akiinama. Aliingia katika la pili, lile lililokuwa kivulini, akatandika gunia tupu la saruji, akala akiwa ameketi, kisha akajinyoosha na kujifunika kanga usoni. Kutoka mahali nilipokuwa nimesimama niliona nyayo zake tu, zimetokeza kwenye mdomo wa bomba. Lori la mbao lilipita likinguruma. Zile nyayo hazikutikisika.

Ilikuwa hivyo kila siku mpaka mwisho. Kuna mara nyingine nilimkuta ameshaamka kabla ya muda, ameketi tu ndani ya bomba, anaangalia kijito. Nilimwambia siku moja kwamba kama ameamka anaweza kunipokea mapema. Alinijibu kwamba bado dakika kumi, na akaendelea kuangalia maji.

Hakuwahi kunishukuru, na sikuona kwa nini anishukuru. Kila Ijumaa alikuja hemani kutazama mstari wake. Sidhani kama alisoma vizuri, lakini namba alizijua. Alipitisha kidole toka Jumatatu hadi Ijumaa, akasimama kwenye kila moja, kisha akatoka. Baada yake mafundi wa Gwarama nao walianza kuja. Nikaacha kuandika tisa asubuhi.

Mvua zilipoanza, kalvati lilikuwa limefunikwa na kushindiliwa. Vibarua walilipwa wakatawanyika kwenye mashamba yao kupanda mahindi. Fomeni alirudi Mbeya. Mimi nilipata kazi nyingine kama ile Kibondo mwaka uliofuata, kwa mkandarasi tofauti aliyekuwa anajenga majengo ya ghorofa moja karibu na hospitali. Pale nilichora daftari jipya, na baada ya safu ya saa niliongeza safu moja nyembamba. Juu yake niliandika "Amepumzika?" Msimamizi wa pale aliiona, akasema napoteza wino. Hakuniambia niifute.

Kwa miezi mingi ile safu haikuleta shida. Niliweka alama ya ndiyo kwa walioacha kazi saa ya kula, na alama ya hapana kwa wale walioachwa kulinda mashine ya kuchanganya zege au kupokea kokoto. Wenye hapana walilipwa saa hiyo. Msimamizi alinung'unika, kisha akaanza kupanga kokoto zisifike mchana.

Siku moja fundi mmoja wa matofali alikuja kwangu saa ya kula ikiisha, akiwa anahema. Mke wake alikuwa amelazwa hospitali ya jirani, amejifungua kwa upasuaji. Filimbi ilipolia alikimbia kwao kuchukua uji, akaupeleka wodini, akamnywesha, akafua nguo za mtoto bombani, akarudi. Hakuwa amekula. Aliona safu yangu na akaweka kidole juu yake.

"Mimi hapa unaandikaje?"

"Saa ile ilikuwa yako," nilisema. "Hakuna aliyekuzuia kazini."

"Ilikuwa yangu," alikubali. "Lakini hapa umeuliza kama nimepumzika."

Alama ya ndiyo ingekuwa uongo, na ya hapana ingemaanisha alikuwa kazini, nayo isingekuwa kweli. Nyuma yake watu watatu walikuwa wanasubiri sahihi. Niliweka kistari kimoja kifupi, nikamwambia akae kivulini kwanza ale kitu, matofali yatamsubiri. Alicheka, akasema msimamizi hatakubali. Akachukua mwiko wake, akapanda jukwaa.